Safali Njema

Mjukuu wangu Tumaini, kamwene. Hapa kijijini Yakobi baridi imetukalia, ila viazi vimekubali na goti la bibi yako lina nafuu.

Unauliza kwa nini wenzako chuoni wanazidi kupanda katika uchoraji na wewe umebaki palepale. Nimekumbuka Makambako, nilipokuwa naandika maneno kwenye malori na rafiki yangu Lukasi. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Siku moja kila mmoja aliandika kwenye lori lake SAFALI NJEMA, maana ndivyo sisi Wabena tunavyotamka. Madereva walicheka mpaka machozi. Lukasi alinuna, akasema wana wivu. Mimi niliona aibu, lakini nikamwomba dereva anionyeshe kosa. Akanionyesha, kisha akaongeza, "Na hiyo N yako imelala kama mlevi."

Tangu hapo, nikimaliza lori nilimuuliza dereva, "Wapi hapajakaa vizuri?" Lukasi yeye aliuliza, "Si imependeza?" Baadaye madereva wakawa wananisubiri mimi. Namkumbuka sana, na ule mkono wake.

Wewe ukionyesha kazi yako, unaulizaje?

Barua hii bibi yako ameisoma kwanza. Amekuta "l" mbili pasipo pake, nimeandika upya.

Babu yako, hapa Yakobi.