Hoja ya Ukurasa wa Tatu

Kansas City, 9 Juni

Maren mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo tu. U hali gani huko Duluth, na kazi ya maktaba inakwendaje?

Nimo tena ndani ya ukumbi wa kusahihishia mitihani, mwaka wa kumi na tisa huu. Meza ya walimu wanane, marundo ya insha za watoto wa nchi nzima, na hakuna jina hata moja. Safari hii wamepewa hotuba ya mwanamke anayewaaga wafanyakazi wa kiwanda kinachofungwa, waeleze anavyowagusa wasikilizaji wake. Wengi wanataja takriri na tashbihi, kisha basi. Hawasemi alizitumia kwa nini, wala kwa ajili ya nani.

Tangu nikurudishie barua yako ya Novemba nikiwa nimeisahihisha, hujaniandikia. Alama nne kati ya sita si haba. Mama yako angekuwepo angecheka, kama alivyokuwa akicheka nikisahihisha barua zako za kambi ya likizo ulipokuwa mdogo.

Baba yako

Kansas City, 13 Juni

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Sijapata jibu, labda ni posta.

Leo nimesoma insha ya ukurasa mmoja na nusu. Chini yake mtoto ameandika: “Wewe unayesoma, samahani. Mama alifariki mwezi wa tatu, na huyu anayehutubia anasema kama yeye. Sijamwambia mtu.” Kanuni ni kupima insha tu. Nikampa mbili.

Delphine, mwalimu wa Louisiana anayekaa kuliani kwangu, akaniangalia. “Mzee Everett, hiyo mbili ndiyo inakuliza?”

Nikamwambia ni vumbi.

“Vumbi gani, na humu wanapiga deki kila asubuhi?”

Hairuhusiwi kumjibu mtoto. Rundo limeshachukuliwa, na sitajua ni nani.

Baba yako

Duluth, 20 Juni

Baba,

Pole na mgongo. Mimi nipo.

Huyo mtoto hukuruhusiwa kumjibu. Mimi je, nani alikukataza?

Barua ya Novemba ninayo hapa. Ukurasa wa tatu niliandika: “Tangu tumzike Mama siwezi kukaa peke yangu. Baba, njoo tukae wote msimu huu wa baridi.” Umeyapigia maneno hayo mstari wa kijani, na pembeni umeandika: “Hii ndiyo hoja yako kuu. Imechelewa. Iweke mwanzo.” Kisha ukageuza ukurasa. Nilipekua kurasa zote nne, mbele na nyuma, nikitafuta ndiyo au hapana. Nikakuta alama.

Chumba nilikiacha wazi hadi Machi. Sasa kina mpangaji.

Mwanao,
Maren

Toledo, 26 Juni

Maren,

Naomba nije huko. Nimeiweka mwanzo.

Salamu nazo nimezisahau, utaniwia radhi. Nilipofika kwenye mstari ule nilishika kalamu, kwa sababu kusahihisha ndiko ninakojua. Kama ningekujibu ningelia, na nilidhani wewe una machozi ya kukutosha. Huo ulikuwa ujinga. Wanafunzi wangu wakiniuliza mwandishi alitaka nini, huwa nawajibu bila kusita, lakini mwanangu aliniambia waziwazi alichotaka, nami nikampa nne.

Nimerudi nyumbani, na koti la mama yako bado linaning'inia nyuma ya mlango. Miezi yote hii nakula na redio. Nina upweke, mwanangu, na wewe nilikuacha na wako. Nisamehe.

Usiponijibu sitalalamika.

Baba yako

Duluth, 3 Julai

Baba,

Hujambo? Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshika kalamu. Nikaiweka chini.

Utalala kwenye kochi. Ni fupi, miguu yako itabaki nje.

Lete koti la Mama.

Mwanao,
Maren