Hapana ya Kwanza kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Ungekuwapo ungeitikia kutoka upande wa pili wa pazia, "Marahaba mkwe, Handeni hawajambo?" nami ningejibu huku nikitazama sakafu, kana kwamba ulikuwa unaniona. Nakuandikia kwa sababu juzi mwanao Neema aliniuliza ni lini hasa mimi na mama yake tulianza kukaa chumba kimoja. Nilimwambia aachane na mambo ya wakwe. Swali lenyewe halijaniacha.

Wanaoisoma barua hii bila kutujua wasituone washamba. Kwetu Uziguani, na kwenu Usambaani vilevile, mwanamume hakai karibu na mama wa mkewe. Hamtazami usoni, hampi mkono, hali naye sahani moja. Na kubwa kuliko yote, hamkatalii neno. Mama mkwe akisema jambo, jibu ni "ndiyo mama", hata kama paa linaungua. Mimi nilioa nikiwa fundi wa redio na kompyuta mjini Handeni, nikajiona kijana wa kisasa, hayo nimewaachia wazee. Siku ya kwanza kukusikia ukikohoa ndani ya nyumba yako Korogwe, nilishtukia nimesimama nyuma ya mpapai. Neema alicheka mpaka akakaa chini.

Wewe ulikuwa mpiga chapa wa shamba la mkonge. Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, wapiga chapa mlikuwa wa kwanza kupunguzwa, ukarudi nyumbani na vidole vyako. Ukafungua ofisi kwenye chumba cha mbele: barua za kuomba kazi, risala za harusi, katiba za vikundi vya akina mama wa Makuyuni waliotaka kusajiliwa. Mashine ya taipu ikaja ikaipisha kompyuta ya mtumba kutoka Dar es Salaam, ile yenye mgongo mkubwa uliojaza nusu ya meza. Macho yalipoanza kukusumbua, mimi ndiye niliyekuwekea mfumo wa Linux, kwa kuwa ilikuwa ya bure na ilikuja na programu ya kusoma kwa sauti kila kilicho kwenye kioo. Sauti yenyewe ilisema Kiswahili kama Mzungu mwenye mafua. Uliipenda, ukaipa na jina: Bwana Mafua.

Unaikumbuka asubuhi ile. Mwanao Yohana alikuwa barabarani anatoka Dar kuja kukuchukua. Kuna mtu alimpigia simu kwamba mama yake hajiwezi tena, anapapasa ukuta. Alikuwa amekwambia waziwazi: akikukuta bado unafanya kazi zako mwenyewe, atakuacha kwenye nyumba yako, akikukuta huwezi, mnaondoka wote siku hiyo hiyo. Na asubuhi hiyo hiyo Bwana Mafua akanyamaza. Ukanibipu. Nilipanda basi la kwanza bila hata kunawa vizuri.

Nilifika, nikakusalimia kutoka kwenye korido, nje ya pazia la ofisi, nikaomba kama ilivyokuwa kawaida yetu: "Mama, ukinipisha kidogo uani, naingia naitengeneza."

"Leo sitoki," ulisema. "Kila mara natoka, unatengeneza, narudi, wala sijui umefanya nini. Yohana akiniuliza nimwambie mkwe ndiye ajuaye? Kaa hapo hapo. Wewe sema, mimi nitapiga."

"Ndiyo mama."

Nikavuta kigoda, nikakaa na uso wangu kwenye yale maua ya pazia. Nilijua tatizo liko wapi. Kwenye mfumo ule programu haiji ovyo. Inakuja kwenye kifurushi, na kila kifurushi kina wenzake kinaowategemea, kama mgeni asiyekubali kuja bila nduguze. Yuko msimamizi mmoja anayevileta vyote, anavipanga na kuviondoa. Umeme ulikuwa umekatika msimamizi akiwa katikati ya kubadilisha sauti ya zamani kwa mpya. Ya zamani ilishang'olewa nusu, mpya haijakaa.

Nikakutajia amri ya kwanza, ya kumwambia amalizie alichokiacha. Nilisikia vidole vyako kwenye kibodi, vyepesi, bila kurudia herufi hata moja. Halafu nikasikia ile lenzi yako ya kukuzia herufi ikigonga kioo.

"Imesema nini, mama?"

Ulichelewa kujibu. "Inalalamika. Kifurushi kimoja kinamtaka mwenzake, na mwenzake hayupo."

Hapo nikapata moyo kidogo, maana ndivyo nilivyotarajia. Nikakutajia amri ya pili, ya kurekebisha kilichovunjika. Nje lilipita gari, tukatega masikio wote wawili kama ni Yohana, mpaka mlio ukapotea upande wa stendi.

"Sasa inauliza tuendelee au tusiendelee."

"Hapo juu ya swali kumeandikwa nini?"

"Ni maneno ya kawaida tu."

Namjua msimamizi yule. Akikosa anachokitafuta, hutafuta amani kwa njia ya mkato: humwondoa yule anayelalamika. Juu ya lile swali lazima alikuwa ameandika anachotaka kuondoa, na nilitaka unisomee neno kwa neno. Nilitaka kusema hapana. Mama, nilitaka kweli.

"Tuendelee, eti mkwe?"

"Ndiyo mama," ulimi ulishajibu, "ila labda kwanza tungeangalia..."

Nilisikia kidole chako kikishuka kwenye kile kitufe kikubwa. Neno langu la adabu lilikuwa limeshafanya kazi yake.

Nikakuomba unisomee. Nikaomba tena, kwa sauti ya chini zaidi. Kiti chako kikalia.

"Mkwe."

"Naam mama."

"Sioni."

Nikasema labda lenzi imekaa vibaya. Ukacheka kicheko kikavu ambacho sijakisahau. "Hata hiyo lenzi siioni. Tangu Kwaresma naona mwanga tu. Hayo niliyokusomea ni kwa kukisia, maana mashine hii inalalamika vilevile kila siku na inauliza lile lile kila siku. Neema hajui. Hajui mtu. Na wewe usingejua, kama huyu Bwana Mafua asingenitupa."

Nilijisikia nataka kulia, nikaona aibu kulia kwenye korido ya ukweni.

"Ingia," ukasema.

"Mama, nitaingiaje na wewe umo?"

"Nikiinuka kwenye kiti hiki leo, Yohana atanikuta nimekalishwa sebuleni kama mgonjwa. Sitainuka. Ingia. Mimi sikuoni, na wewe tazama kioo, usinitazame mimi. Tutakuwa tumevunja nini?"

Nikalisogeza pazia. Mpaka leo mkono huu unakumbuka uzito wake. Nikachuchumaa kando ya kiti chako, nikiwa nimekaza shingo kama askari wa gwaride, macho kwenye kioo tu. Nilisikia unavyopumua. Nilisikia harufu ya sabuni kwenye kanga yako. Na kwenye kioo nikasoma nilichokiogopa: sauti imeondolewa yote, hakuna nusu wala robo.

Modemu, kile kidude cha intaneti, haikushika mtandao. Nikaitoa, nikairudisha, nikaisogeza dirishani, hola. Bila mtandao msimamizi hana pa kwenda kuleta kifurushi kingine. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Ndiyo basi?" Mimi nilikuwa nawaza ghala. Msimamizi yule hatupi vifurushi alivyokwisha kuvileta. Huvirundika mahali ndani ya mashine mpaka mtu amwamuru kusafisha. Nikakusomea njia ya kwenda huko, ukaiandika. Nikatafuta kwa macho mstari kwa mstari. Alikuwamo. Bwana Mafua wa zamani, yule yule wa siku ya kwanza, na mbali kidogo chini yake yule mwenzake aliyekuwa anadaiwa.

"Yumo, mama."

"Mtoe."

Kuanzia hapo tulifanya kazi ambayo sijawahi kuifanya na fundi yeyote. Mimi macho, wewe vidole. Nilikuwa natamka herufi, nukta, mkwaju, yaani kile kistari cha mshazari, nawe unapiga kabla sijafunga mdomo. Gari likapunguza mwendo nje, likasimama. Tukasikia mlango wa gari. Msimamizi akauliza swali lake.

"Niendelee?"

"Nd..." Nikasoma juu ya swali. Tulikuwa tumemtaja mmoja tukamsahau mwenzake, na msimamizi alikuwa tayari kung'oa hata kile kinachotoa sauti kwenye spika. Kidole chako kilikuwa kimeshagusa kitufe.

"Hapana, mama."

Kidole kikasimama. Nilisikia ukinigeuzia uso.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana. Nisamehe, mama. Tukikubali hapa tunapoteza kila kitu. Tuwataje wote wawili kwa pamoja."

"Nikusamehe nini? Soma, mtu yuko getini!"

Tukaandika upya, wote wawili mstari mmoja. Swali likaja, nikasoma juu yake mpaka mwisho, nikasema, "Sasa ndiyo." Mistari ikapanda. Nikakutajia amri ya kumwamsha msomaji, spika ikakwaruza, na Bwana Mafua akaanza kubwabwaja kila kilichokuwa kwenye kioo kwa Kiswahili chake cha puani. Nilisikia ukifuta macho kwa pindo la kanga. Na mimi nilifuta ya kwangu, kwa vile hukuniona.

Yohana akasimama mlangoni. Hakusalimia. "Shemeji! Umekaa na mama?"

Niliruka juu kama niliyekutwa nikiiba. Wewe hukutikisika. "Mimi ndiye niliyemwita. Leta hiyo barua unayotaka kunipima nayo."

Akakutamkia barua, barua ndefu ya makusudi, yenye majina magumu. Ukaipiga. Bwana Mafua akaisoma yote. Herufi moja ilikosewa, ukaisikia, ukarudi, ukaisahihisha. Yohana alitazama karatasi ikitoka kwenye printa, akakutazama wewe, na nikaona ameshaelewa kitu, maana ulikuwa umegeukia dirishani, siyo kwake.

"Shemeji," akaniambia polepole, "niambie ukweli. Mama anaona?"

Nilitazama sakafu. Siri ile ilikuwa haijamaliza hata saa moja kifuani mwangu. Nilingoja useme neno, ukasema moja tu: "Mjibu."

"Hapana," nikasema. "Haoni. Lakini kazi yake anaifanya, umeisikia kwa masikio yako. Ukimwondoa kwenye kiti hiki ndipo utakapomfanya kipofu."

Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Yohana alikaa kwenye benchi la wateja, akashika kichwa. Ndipo ukasema ile kauli ambayo nimeibeba kuliko hata mahari niliyotoa: "Yohana, huyu tangu amuoe dada yako hajawahi kunikatalia neno. Leo amesema hapana mara mbili. Nyie wengine mnaniambia ndiyo mama, ndiyo mama, halafu mnanong'ona uani. Huyu ndiye nitakayemwamini."

Yohana aliondoka peke yake.

Baada ya hapo ulinizoesha vibaya, mama. Simu ilikuwa inalia Handeni nikiwa na chuma cha kulehemu mkononi, na bila salamu: "Inauliza niendelee. Nataka lile neno lako." Nami nasema, "Hapana mama, mruhusu kwanza Bwana Mafua asome cha juu." Unacheka. Wazigua nyie, ulikuwa unasema, mkifundishwa kukataa hamkomi. Pazia lilibaki pale pale mlangoni, ila nikija lilikuwa limefungwa pembeni kwa kamba, na kigoda changu kiko ndani, kando ya meza. Sikuwahi kukutazama usoni. Sikuhitaji.

Halafu ikaja ile simu ya hospitali. Nilisikia nyuma yako sauti za wanao, na Neema wangu akiwamo. Ulikuwa unahema. Ukasema, "Mkwe, wote hapa wananiambia nitarudi nyumbani kwangu. Yohana anasema ndiyo. Neema anasema ndiyo. Daktari anasema ndiyo mama, pumzika. Wewe umeongea naye kwa simu asubuhi. Nitarudi?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya duka langu, watu wanapita na mbuzi wao wakienda mnadani. Nilitamani dunia nzima inisaidie kusema lile neno jepesi.

"Hapana, mama."

Ukashusha pumzi, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Ahsante, baba," ukasema. Hukuwahi kuniita baba. "Basi niwaage vizuri, maana hawa wangenipitisha bila kuaga."

Neema anasema uliwaita kitandani mmoja mmoja, ukawashika nyuso kwa vidole vyako. Mimi nilifika jioni, nikakuta umekwisha kwenda. Nimekaa na hilo muda mrefu, nikijiuliza kama ningeweza kukuongopea. Nisingeweza. Ila natamani ungenisubiri, na mimi ukanishika uso.

Lala salama, mama.

Ni mimi mkweo,
wa Handeni