Ndege Kwenye Mkate wa Siranush

Leo ni Jumamosi, tarehe 16 Oktoba 2021. Shoga, sikia yaliyotokea leo kwa jirani yetu Siranush.

Siranush alikata shuka kuukuu, akashona mto wa kubandikia lavashi, ile mikate myembamba, kwenye ukuta wa tanuri. Mkate wa kwanza ulipotoka, ulikuwa na alama ya ndege, hadi mdomo wake ukionekana.

Ndege! Mama mkwe wake akapiga ukelele: "Wewe, umekata shuka la Hrant?"

Hrant ni mwana wa huyo mama mkwe, aliyekwenda vitani asirudi. Ndege huyo ni kiraka ambacho mama huyo alimshonea Hrant kwenye shuka hilo utotoni, nacho sasa kilikuwa kimepiga chapa mkate.

"Sikukiona, mama. Haki ya Mungu, sikukiona!"

"Basi ufumue mto huo!"

Siranush alikataa kumfumua ndege wa Hrant. Alioka mpaka unga ukaisha, kila mkate na ndege wake. Hakuna aliyethubutu kula.

Tafadhali mfikishie ujumbe huu yeyote aendaye mpakani: nyumbani kwao Hrant bado anaokewa mkate wenye ndege wake.