Kilichotoka Tumboni mwa Nappi

Nolalu, Ontario
Jumapili, mwishoni mwa Novemba

Wifi yangu Marjatta,

Pokea salamu za nyumbani kwenu, ambako theluji imeshafika madirishani na Desemba bado haijaingia. Hujambo? Na Gordon je, goti lake limepona, au bado anatembea kama bata? Huko Halifax nasikia mnapigwa mvua tu. Afadhali yenu, mvua haihitaji koleo. Sisi hatujambo. Mama anakula na analala mchana. Kaka yako Raimo yuko mgodini, zamu yake inakwisha wiki ijayo. Mimi ni mzima, ila nimechoka, tena uchovu wenyewe ni ule ambao usingizi wa siku moja hauugusi. Nakuandikia hapa jikoni, Mama kasinzia kwenye kiti chake na Nappi kajikunja ndani ya mkono wa sweta yake. Ukiona mstari umepinda, ujue na mimi nilisinzia.

Najua uliniambia nisikujazie tena masikio habari za "yule panya mrefu". Leo nivumilie, wifi. Nappi nusura afe, na katika kumhangaikia yamejitokeza mambo ambayo nisingeweza kukuambia kwenye simu bila kulia.

Nianze na Mama, maana ndiye mwenye Nappi. Unakumbuka mwezi wa kumi nilikuambia amezidi. Alikuwa hajibu tena. Ukimuuliza kama anataka kahawa anakutazama mdomoni, anatabasamu, basi. Raimo alimpigia kutoka mgodini, akamwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa Kifini, Mama akashika simu kama mtu aliyeshikishwa jiwe, kisha akanirudishia. Raimo akaniambia, "Glenda, Mama hanijui tena." Nawe ulipopiga ikawa vilevile, na nilisikia ulivyokata simu haraka. Sote tulisema ni ule ugonjwa wa kusahau, umefika pale daktari aliposema utafika. Mimi nikazoea. Nikawa namvalisha, namlisha, namlaza, na maneno yakapungua, maana kuzungumza peke yako siku nzima kunachosha kuliko kufua. Mama aliyezungumza naye ni Nappi tu. Nappi hakuhitaji kujibiwa.

Sasa, Jumanne moja asubuhi, wiki mbili zilizopita, Nappi alikataa yai. Wewe hujui maana yake, lakini fereti, kama kicheche yeyote, akikataa yai ni sawa na Gordon kukataa bia. Nilidhani ana tumbo la kawaida. Kufikia saa nne alikuwa amejikunja kama ndoano, anasaga meno, mate yanamtoka, anajifuta mdomo kwa makucha kana kwamba kuna kitu anataka kukitoa. Choo hakuna. Nilipomgusa tumbo nikahisi kijiwe, naye akanitazama kwa macho ya mtu mzima. Mama alikuwa amemshika kifuani na machozi yanamtiririka, lakini hatoi sauti.

Nikapiga simu kliniki ya kwanza, wakasema wao hutibu mbwa na paka tu. Kliniki ya pili wakaniambia huenda utumbo umeziba, nimlete sasa hivi nisingoje hata chai, maana mnyama mdogo namna ile hana muda. Kumleta! Barabara ilikuwa haijakwanguliwa theluji, na Mama hawezi kuachwa peke yake. Basi nikamvalisha buti na makoti mawili, nikamfunga mkanda kiti cha mbele, nikamwekea Nappi mapajani ndani ya kofia yako ile ya sufu uliyoisahau. Samahani kuhusu kofia. Haifai tena.

Wifi, safari ile sitaisahau. Upepo ulikuwa unaivusha theluji barabarani kama moshi, mimi macho mbele, mikono imekakamaa, siwezi kugeuka kumtazama mgonjwa. Nikawa nauliza tu, "Mama, bado anahema?" Kimya. "Mama, anahema?" Kimya. Mwishowe nikapiga kelele, nikapiga usukani, nikasema maneno ambayo hata Raimo hajawahi kuyasikia kinywani mwangu. Mama alikuwa anampapasa Nappi na kutazama dirishani. Nilijiona kama naendesha gari lenye watu wawili wanaokufa, na mimi ndiye niliyebaki kuwapeleka.

Daktari anaitwa Thériault, mwanamke mwembamba, mkono wake mmoja una makovu ya meno. Alimminya Nappi tumbo kidogo tu, akampiga picha ya eksirei, akaniambia kuna kitu ndani na hakitatoka chenyewe. Ama ampasue mara moja, ama amlaze asiamke. Aliniambia wazi kwamba amedhoofika, na nusukaputi yenyewe inaweza kummaliza. Nikamwambia mwenye mnyama ni yule bibi, lakini haelewi. Daktari akachuchumaa mbele ya Mama, akamwonyesha ile picha, akaonyesha tumbo la Nappi, kisha akafanya vidole viwili kama mkasi. Mama akamtazama sana. Akambusu Nappi kichwani na kumkabidhi. Wakati huo nilikuwa nimechoka hata kushangaa.

Tukakaa kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimechukua mkate mtamu wa pulla kwenye mfuko, tukaumega, Mama akala na mimi nikashindwa. Kwa kweli nilikuwa nawaza kwamba akifa, Mama hatakuwa na mtu wa kusema naye, na atakwisha kabla ya Krismasi.

Daktari alipotoka, barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni. Akasema yuko hai, moyo unapiga vizuri, na utumbo haukuwa umeoza. Kisha akafunua kitambaa mkononi. "Hiki ndicho kilichokuwa kimeziba. Mnakitambua?" Kilikuwa kidude cha mpira laini, rangi ya ngozi, kimepindapinda na kutafunwa upande. Mimi nikasema labda ni chambo cha samaki. Daktari akasema yeye amefikiria peremende.

Mama akainama akakitazama. Akatia kidole sikioni mwake. Kisha akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, ukumbi mzima ukageuka, "Hilo ni sikio langu!"

Marjatta, kilikuwa kile kimpira cha mashine yake ya kusikia, kile kinachoingia ndani ya sikio. Nappi alikichomoa. Sehemu ile ya nyuma ilibaki, na Mama kila asubuhi aliipachika nyuma ya sikio kama kawaida, nywele zikaifunika, nami kila asubuhi nikaiona nikasema vema, amevaa. Mwezi mzima na zaidi. Hakuwa amekoma kutujua. Alikuwa hatusikii.

Nilicheka na daktari mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikageuka, na yule daktari, mtu ambaye simjui, akanishika bega hadi nikanyamaza.

Wataalamu wa masikio walimtengenezea kimpira kingine. Walipokiweka na kuwasha, neno lake la kwanza nyumbani lilikuwa, "Glenda, friji yenu ina mgonjwa ndani?" Nikamwambia ndivyo inavyonguruma siku zote. Akasikiliza, akasikiliza na mabati yanavyolia kwa upepo, kisha akaniambia kwa utaratibu, "Nilidhani mmeamua kuninyamazia. Nikasema, haya, labda nimewakosea." Aliyasema haya bila kulaumu, anakoroga kahawa yake. Nikamwongezea maziwa.

Usidhani basi kwamba amepona, wifi. Anasikia, lakini kusahau kuko palepale. Anauliza marehemu Baba yuko wapi. Anaweka viatu kwenye jokofu. Na Nappi naye ana mshono tumboni, analishwa uji wa nyama kwa bomba la sindano kidogokidogo mchana kutwa, na asipolishwa yeye, ni Mama. Asipokuwa Mama, ni moto wa jiko. Siku moja niliketi ngazini kuvua buti, nikaamka Mama ananifunika blanketi, buti moja mguuni na nyingine mkononi.

Simu ikalia wakati huohuo. Sasa hapa ndipo pa kukueleza ukweli, na Raimo anajua kwamba nakueleza. Tangu kiangazi tulimwandikisha Mama kwenye nyumba ya kutunzia wazee mjini. Hatukukuambia, kwa sababu ulikuwa umesema Mama asitolewe nyumbani, nasi hatukuwa na nguvu ya kubishana. Waliopiga ni wao. Kitanda kimepatikana.

Zamani ningemdanganya Mama kuwa ni watu wa umeme. Lakini Mama alikuwa amesimama palepale, na amesikia. "Nani?" akauliza. Nikamweleza yote. Akakaa ngazini karibu nami, akaniuliza kama huko kuna sauna. Nikasema ipo, ndogo. Kuna wanaojua Kifini? Wapo wawili watatu. Nappi je? Nikamwambia hawaruhusu. Akasema, "Basi nitakwenda. Nappi abaki kwako. Bila wa kukusumbua utazeeka vibaya, nakuona." Tukacheka tukiwa tumekumbatiana, na nikadhani limekwisha.

Kesho yake alikuwa amesahau. Nikamweleza tena, kwa sababu baada ya lile la kunyamaziwa niliapa sitamficha neno. Akauliza maswali yaleyale, akakubali tena. Siku iliyofuata vilevile. Kila siku nampa habari ile kama mpya, na kila siku anaumia upya, kisha anakubali kwa mzaha mwingine. Jana akakataa. Alishika ukingo wa meza, akasema, "Hapa ndipo nilipowazaa watoto. Sitoki." Leo asubuhi akakubali.

Sasa niambie, wifi, nishike lipi? Nikihesabu zile siku za kukubali, najiona mwizi. Nikishika lile la jana, sijui nitafika vipi mwezi wa tatu, theluji ikiyeyuka. Raimo anasema niamue mimi kwa kuwa ndiye niliye naye, na hilo ndilo linalonichosha kuliko yote.

Nimewaomba wale watu watusubiri kidogo, wamekubali. Kwa hiyo sikuandikii kukupa habari tu. Njoo. Usipige simu, njoo mwenyewe, ukae naye mchana mzima, mle, mcheke, umtie kile kimpira vizuri sikioni, kisha umuulize wewe kwa Kifini chenu, pole pole. Atakachokujibu siku hiyo tutakishika sote watatu, na hakuna atakayemlaumu mwenzake. Chumba chako nimekipangusa. Mimi nitakuwa juu, nimelala, na tafadhali usiniamshe kuniambia amesema nini mpaka niamke mwenyewe.

Msalimie Gordon na goti lake. Mama akiamka nitamwambia umemsalimia, na atauliza Marjatta ni yupi, kisha atakumbuka. Nappi hajambo, jana alikula yai.

Wako akupendaye,
Glenda