Kikohozi cha Kibandani

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua salamu hii inakufikia kwa mdomo wa Dada, maana daktari amekukataza kusoma mpaka jicho lipone. Basi mwitikie yeye, nami huku nitahesabu nimeitikiwa. Linaendeleaje hilo jicho? Nasikia unachungulia chini ya bandeji ukidhani watu hawakuoni. Acha hizo, Baba. Jicho limeshonwa, si chungu kilicho jikoni, halitaki kufunuliwafunuliwa.

Sisi huku wazima. Mkweo anakusalimu sana. Bado anafundisha hesabu na bado anakoroma. Wajukuu zako wanakula kama wametumwa. Mimi mwenyewe sina homa wala mafua, nalala vizuri, na moyo wangu umetulia. Nakuambia hili mapema ili likusaidie huko mbele.

Dada, na wewe nina ombi kwako. Isome barua hii yote, usiruke mahali, usipunguze makali. Nakujua, una huruma ya kuchuja maneno kabla hayajamfikia Baba. Leo usichuje hata moja.

Baba, tulipoongea kwenye simu uliniuliza inakuwaje sauti inayosikika redioni kila saa ni yangu. Nikababaisha, nikasema tutaongea. Sasa ndiyo tunaongea. Nitaanza mbali kidogo, kwa kuwa Dada hajawahi kukanyaga kwenye kazi yetu ya ukalimani na sitaki apotee njiani.

Kilikuwa kikao cha faragha kuhusu bwawa kubwa, lile ambalo ukuta wake unaongezwa urefu. Tulikuwa ghorofa ya juu wizarani, mapazia yamefungwa, simu zote zimeachwa kwenye kikapu mlangoni. Kibanda chetu kiko nyuma ya ukumbi, cha mbao na kioo, chenye zulia linalonuka unyevu. Ndani tulikuwa wawili tukipokezana, mimi na yule mwenzangu mtu mzima tunayemwita Mzee wa Pipi, kwa sababu anamumunya pipi kutwa nzima kulinda koo. Upande mmoja wa meza walikaa wakubwa wetu, upande wa pili wageni wa kampuni inayojenga. Mhandisi wao alisema bila kuzunguka kwamba ukuta wa zamani una nyufa, na kwamba mvua kubwa zikija kabla haujazibwa, watu wa bondeni wawe wameshahamishwa. Bosi wake akachukua maikrofoni kumrekebisha. Hapo zamu ilikuwa yangu.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkalimani hasemi bwana huyu anasema hivi na hivi. Anasema kama ndiye yeye, na mwenyewe akiwa mpole, mkalimani naye awe mpole. Basi nikasema, tena kwa sauti ya kubembeleza, kwamba sioni haja ya kuwaambia watu wa bondeni, kwamba wale wamezoea maji, na kwamba tukiwaambia sasa watadai fidia kabla hatujatia sahihi mkataba wa nyongeza. Wakubwa wetu wakatikisa vichwa. Mmoja wao akasema kwa lugha yetu wenyewe kwamba jambo hilo libaki humo humo ndani. Tukakumbushwa kiapo, tukachukua simu zetu kikapuni, tukaenda makwetu.

Haukupita muda sauti ya kikao kile ikatoka redioni. Kufikia jioni ilikuwa kwenye kila simu. Watu wa bondeni hawakungoja kuambiwa na mtu. Walibeba magodoro wakapanda kwenye shule iliyo kilimani. Wizara ikakana, halafu ikanyamaza, halafu ikafungua milango ya bwawa kupunguza maji. Kampuni ikafunga kambi yake na vibarua wote wakarudishwa nyumbani. Mvua zimekuja, zimenyesha kweli kweli, na ukuta bado umesimama. Hapo ndipo ugomvi ulipo, Baba, kwa maana hakuna anayeweza kuapa kwamba ungeanguka.

Njoo uone mtaa wetu. Chini ya nyumba yetu kuna kinyozi, na ukuta kwa ukuta naye kuna mama mshonaji. Wanatumia mita moja ya umeme. Mama yake kinyozi anaishi bondeni. Kinyozi amebandika kipande cha boksi mlangoni, ameandika kwamba aliyetoa siri ile ni shujaa na akijitokeza atanyolewa bure maisha yake yote. Mshonaji naye mwanawe alikuwa anachanganya zege pale bwawani, sasa amerudi kukaa kibarazani anahesabu magari. Kwake yeye mtoa siri ni msaliti, mtu aliyekula kiapo akakitema, akavunja ugali wa watu kwa ajili ya ukuta ambao haujaanguka. Kinyozi akimjibu kwamba angengoja maiti ndipo aamini, mshonaji anazima swichi ya mita na kinyozi anabaki na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Mkweo amerudi nyumbani hivyo hivyo, nusu kichwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini kuna jambo moja wale wawili wanakubaliana, nalo ni kwamba yule mwanamke wa kwenye kanda hana utu. Sauti yangu wanaijua, tunasalimiana kila siku. Mshonaji alinirudishia kitambaa changu bila kukikata, akasema mashine yake imeharibika, na huku naisikia inalia. Watoto wa mtaani nao wakiniona wananiigiza kwamba wamezoea maji. Nikamweleza mshonaji kwamba maneno yale si yangu, ni ya bosi wa kampuni, mimi nilikuwa mdomo tu. Akaniuliza, je, wangesema mwanangu mwenyewe auawe, ningesema hivyo pia kwa sauti ile ile tamu? Nikamjibu ndiyo, ningesema, ndiyo kazi. Akasema basi kazi hiyo ni mbaya. Nikachukua kitambaa changu nikapanda ngazi.

Kazini kwetu nako polisi wakamkamata fundi mitambo, kijana mwembamba tunayemwita Waya. Mitambo ya ukumbi inarekodi kila kikao, na funguo za kabati la kanda anazo yeye peke yake. Kwa hiyo hawakuhangaika kutafuta. Walimtoa ofisini mbele yetu sote, hedifoni zikiwa bado shingoni mwake. Mimi mkuu wetu aliniita akanipa likizo, akanipa na pole. Alisema hakuna aliyeumizwa na uvujaji ule kuliko mimi, maana mtu gani mwenye akili angeivujisha sauti yake mwenyewe.

Siku niliyokwenda kuchukua vitu vyangu, mke wa Waya alikuja getini na chakula cha kumpelekea mumewe akidhani yumo humo, walinzi wakamfukuza. Ana mimba kubwa. Nilimvuta mkono nikamkalisha kwenye kantini, nikamwagizia chai. Aliniambia nusu ya mji inamwita mumewe msaliti na nusu inamwita shujaa, na kinyozi mmoja amebandika picha yake kwenye kioo, lakini katika wote hao hajamsikia hata mmoja akiuliza kama kweli ni yeye. Aliniambia Waya anaogopa mpaka kuchelewa kazini, seuze kuiba kanda. Chai yake haikunywewa. Na mimi yangu ilinishinda.

Msimamo wako naujua, Baba. Dada alinieleza ulivyopiga meza wakati majirani walipokuja kukuona. Ulisema mkalimani akitoa neno la kikao amejikata ulimi mwenyewe. Ulisema miaka yako yote mahakamani ulisikia mambo ya kumnyima mtu usingizi na hukumwambia hata marehemu Mama. Ni kweli, na ndiyo sababu wezi na mahakimu walikuamini sawasawa. Nimekua nikijivunia hilo. Sijaacha hata leo.

Dada, hapa simama. Mpe Baba maji. Asipoyataka, kunywa wewe.

Baba, ni mimi niliyeitoa ile sauti.

Unakumbuka ulivyonizoesha kujirekodi nikiwa kibandani, nisikilize makosa yangu kikao kikiisha, na sharti lake ni kufuta kabla ya kutoka mlangoni. Kile kinasa sauti kidogo ulichoninunulia nilipoanza kazi bado ninacho, nakiweka mezani karibu na glasi ya maji, kila mtu amekizoea. Nimefuta kila kikao tangu nianze kazi. Kile sikukifuta. Sitakudanganya kwamba nilisahau, nilikishika mkononi nikakitia mkobani kwa makusudi. Nyumbani, nikiwa namenya viazi, nikajisikiliza. Nikaona nimefanya kazi nzuri, Baba. Hakuna neno lililopotea, hakuna pa kurekebisha. Nilisema wamezoea maji kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Nikafikiria watoto waliolala bondeni wakati huo huo, nikaweka kisu chini. Ningeweza kuiharibu sauti ili nisijulikane, lakini hapo wizara ingesema ni ya kutengeneza. Nikainakili kwenye flashi, nikaitia kwenye bahasha ya kadi ya harusi, nikaipeleka redioni kwa mkono wangu.

Niliposikia Waya amekamatwa nilijiambia watamwachia. Watamwachia leo, watamwachia kesho. Hawakumwachia. Hilo tu ndilo linaloniumiza, na ndilo linalonifanya nisikutake kule kunyolewa bure. Shujaa gani anakaa nyumbani anamenya viazi huku mtu mwingine amelala rumande kwa ajili yake?

Sasa nikuambie nitakavyomtoa. Katikati ya maneno ya bosi yule koo lilinikaba, nikabonyeza kitufe cha kukohoa kama ilivyo desturi, nikakohoa, Mzee wa Pipi akafungua pipi akanipa, nikaendelea. Kile kitufe kinakata maikrofoni, kwa hiyo kwenye kanda ya mitambo, ile ya Waya, hapo kuna kimya. Lakini kwenye ile iliyotoka redioni kikohozi kimo, na karatasi ya pipi imo. Mimi na uzoefu wangu wote nilisahau kwamba kinasa sauti cha mezani hakijui kitufe. Nchi nzima imenisikia nikikohoa na mpelelezi hata mmoja hajashtuka. Wakiziweka kanda hizo mbili pamoja, Waya anatoka siku hiyo hiyo. Nimeshaongea na Mzee wa Pipi. Ameniambia usoni kwamba mimi ni msaliti na kwamba angekuwa na nguvu angenizaba kibao, halafu akasema suala la pipi atalithibitisha, kwa sababu pipi ilikuwa yake.

Dada ameniambia jambo lingine. Anasema kanda ile ikifika mahali fulani wewe huzima redio, kila mara mahali pale pale, na ukiulizwa unasema jicho linauma. Jicho, Baba? Nadhani ulikisikia kikohozi tangu siku ya kwanza. Ulikijua ni cha nani na kilitoka wapi, ukapiga meza mbele ya majirani, na hukumwambia mtu. Sikulaumu. Umenitunzia siri yangu kama ulivyotunza za wengine.

Barua hii ikisomwa nitakuwa nimeshajipeleka. Mkweo anajua kila kitu na ananisindikiza. Wakili tumempata, mama mmoja mkali anayeongea haraka kuliko sisi wakalimani. Nitawapa kinasa sauti na nitasema nilichofanya na kwa nini. Nilikula kiapo nikakivunja, na adhabu yake nitaibeba bila kulialia. Lakini wakiniuliza kama najuta, nitawajibu sijuti, na wakinirudisha kibandani siku ile ile nitafanya vile vile. Watanifunga, au hawatanifunga. Ila mke wa Waya atajifungua mumewe akiwa nje.

Huenda wakaja na kwako kukuuliza kama wewe ndiye uliyenizoesha kujirekodi. Waambie ndivyo. Usinitetee, na usinikane. Mshonaji na kinyozi waendelee kuzimiana umeme, mimi nimewaachia. Wewe pia sitaki uchague upande. Ukiniona nimekosa, nione hivyo hivyo mpaka mwisho, huna deni la kunipongeza. Ninachokuomba ni kimoja tu. Nitakapoachiwa, iwe karibu au mbali, nitakuja moja kwa moja nyumbani. Nikibisha hodi na ukiwa bado una hasira, usingoje ikuishe. Nifungulie ukiwa na hasira yako.

Nisalimie majirani wote, hata wale waliokubaliana nawe. Dada, asante kwa kusoma, na umfunge bandeji yake vizuri. Wajukuu wanasema babu asichungulie. Nami nakuamkia tena, shikamoo Baba, na safari hii usimwitikie Dada, niwekee marahaba yangu mpaka nibishe hodi.

Ni mimi mwanao,
Kitinda Mimba wako.