Jaketi la Onofre

Los Alisos, New Mexico
Aprili 20, 1938

Genoveva mwanangu,

U hali gani, na mjukuu wangu Librada? Sisi tunashukuru Mungu, ila miguu yangu ndiyo ile ile.

Kondoo wanazaa. Jana jike mmoja alifiwa na mwanawe. Babako akamchuna yule mfu, akamvika ngozi yake mwanakondoo yatima. Jike akanusa, akanusa tena, akamnyonyesha. Nikasema, kumbe! Lile jaketi la sufu la utotoni la marehemu kaka yako Onofre ninalo sandukuni. Babako hulitoa akalinusa, akidhani simwoni. Mlete mtoto nimvike. Babako aliapa wewe na yule mwanamume wako wa reli hamtakanyaga hapa. Juu ya mtoto hakuapa.

Mamako

Pueblo, Colorado
Mei 3

Shikamoo Mama,

Poleni na kazi za zizini. Sisi wazima, ila kazi ya udobi hapa imenichubua mikono. Yule mwanamume alishakwenda zake, unajua.

Naogopa, Mama. Mimi Baba akinifukuza nimezoea. Akimfukuza Librada, sitamsamehe. Mjomba Casimiro anapita na lori Jumamosi, nitampa mtoto. Mimi nabaki. Akilia, mwimbieni.

Mwanao

Los Alisos
Mei 15, sikukuu ya San Isidro

Mwanangu,

Kwanza tulia, mtoto yu mzima, na maharage anayafakamia kwelikweli.

Nilimvika jaketi, mikono ikamfika magotini, nikamsimamisha mlangoni. Babako akarudi kutoka zizini, akamtazama. Akapiga magoti, akamvua lile jaketi taratibu, akanipa. Nikajua yameharibika.

Akasema, "Bonifacia, mimi si kondoo. Huyu simpokei kwa harufu ya mtu mwingine."

Akamfunika blanketi lake la malishoni, lile linalonuka moshi. Na leo kwenye maandamano ya mtakatifu amembeba mabegani mbele ya kijiji kizima. Wambeya wameufyata.

Ila jioni mtoto anakulilia. Babako ameimba mpaka sauti imemkauka, wapi! Sasa amesimama nyuma yangu, ananiambia nikuandikie upande lori la Casimiro, mtoto anakutaka. Nikamwuliza, mtoto peke yake?

Amekohoa weee. Kisha akasema, "Haya, andika, na babako pia."

Mamako na babako