Mama Mkwe Hospitalini

Griselda, uko? Hasira bado haijanitoka.

Nimempeleka mama mkwe hospitali ya serikali hapa mpakani, akapimwe presha. Tuko kwenye foleni, mara akaingizwa mama mmoja wa Bolivia, amevuka daraja la mpaka kuja kumwona dada yake. Mjamzito, damu inamtiririka miguuni.

Karani anamwambia nini? "Wewe ni mgeni. Lipa kwanza." Damu inatoka, shoga! Lipa kwanza!

Nikafungua mdomo nimtukane, mama mkwe akaniwahi. Doña Eulogia mwenyewe! "Safi kabisa! Wanakuja kuzaa bure kwa kodi zetu. Alipe au arudi kwao!"

Na watu wakampigia makofi. Makofi, Griselda! Nilitamani ardhi inimeze.

Bahati nzuri, daktari Ledesma akatoka mbio: "Hebu nizuie damu kwanza, mengine baadaye!" Akamsukuma ndani yeye mwenyewe. Amepona, na mtoto yuko hai.

Sasa sikia. Yule mgonjwa anapitishwa kwenda wodini, akamshika mama mkwe mkono, analia, anamsemesha Kikechua, lugha ya kwao. Anamwita mama. Mama mkwe akajifuta mkono kwenye sketi: "Mimi sielewi lugha yao."

Haelewi! Aliyezaliwa ng'ambo ya daraja hilohilo! Anayegombana na kuku wake kwa Kikechua kila asubuhi!



Njiani ananiuliza, "Mbona umenuna, mwanangu?"

Nikamjibu kwa Kikechua, kile kile alichonifundisha yeye nilipoolewa.